Kumbukumbu ya mradi wangu: daftari la kazi za kujitolea mtaani Kaptembwo

Mradi huu ulitokana na swali lililokuwa likirudi katika kila kikao cha wakazi: ni kwa nini watu wanaosema kwa dhati kwamba wako tayari kusaidia mtaani hawaonekani siku ya kazi inapofika? Kaptembwo, upande wa magharibi wa jiji la Nakuru, ni mtaa wa ploti, ambamo familia nyingi hupanga vyumba vinavyozunguka ua mmoja, hutumia bomba moja na vyoo vya pamoja, na wengi wa wapangaji huondoka alfajiri wakarudi giza likiingia. Mwaliko tuliouzoea ni wa siku moja kubwa ya usafi, nayo hupangwa Jumamosi asubuhi, saa ambazo mama mboga yuko sokoni, fundi yuko mjengoni na mwendesha bodaboda anatafuta abiria. Nimeamini kwa muda mrefu kwamba nia haijakosekana hapa kwetu. Kinachokosekana ni kazi iliyokatwa kulingana na muda na ujuzi alio nao mkazi, ikaandikwa mahali ambapo kila mtu anaweza kuisoma. Ndiyo maana nilianzisha daftari, na kumbukumbu hii inaeleza limefika wapi.

Januari

Kabla ya kupanga lolote niliuliza. Nilizungumza na mzee wa Nyumba Kumi, yaani mpango wa majirani wa kulinda usalama, na mhamasishaji wa afya ya jamii anayehudumia upande wetu, na makeyateka (watunzaji wa majengo) wa ploti za jirani, na mwalimu mstaafu, na vijana wanaokusanya taka kwa mikokoteni. Kila kazi waliyoitaja niliipa ukurasa wake na kuandika mambo manne: inachukua muda gani, inahitaji kifaa gani, nani anawajibika, na inaisha lini. Hilo la mwisho nalisisitiza kuliko mengine, kwa kuwa mtu huogopa kuahidi jambo lisilo na mwisho, hasa mpangaji asiyejua kama mwezi ujao atakuwa bado yumo katika ploti hiyo.

Kazi isiyoweza kujazwa mambo hayo manne tuliigawanya hadi ikawezekana. Mtu mmoja alipendekeza "usalama", neno ambalo hakuna anayelipinga wala anayejua aanzie wapi. Likazaa kazi tatu ndogo: kuripoti taa ya barabarani iliyozimika, kufyeka majani yaliyofunika uchochoro, na kuwapokea kwenye njia panda watoto wanaorudi jioni. Kazi ya kuripoti taa ilichukuliwa siku hiyohiyo na bawabu anayefanya zamu ya usiku, kwa sababu yeye ndiye hupita njia hiyo wakati ambapo taa huonekana kama zinawaka au la.

Februari na Machi

Miezi hii ilikwenda yote kwa mitaro, kwa kuwa mvua ndefu huanza Machi na hapa haziji kwa upole. Udongo wa Nakuru ni wa volkeno, mwepesi, na maji huubeba kwa urahisi. Mvua kubwa moja hutosha kujaza mchanga katika mtaro uliosafishwa juzi. Mji umekaa kati ya kreta ya Menengai iliyo juu kaskazini na Ziwa Nakuru lililo chini kusini, hivyo maji ya barabarani huteremka kuelekea ziwani pamoja na kila kilichotupwa njiani. Ziwa hilo halina mto unaolitoa maji. Plastiki inayofika kule haina pa kwenda tena, na kule ndiko iliko hifadhi ya taifa ambayo tangu mwaka 1990 imo katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini tarehe 28 Agosti 2017 na kwa kweli imepungua sana mitaroni. Taka zilizobaki ni chupa, karatasi za biskuti na, kwa wingi wa kusikitisha, nepi za watoto.

Hapa palikuwa na mjadala mzito, nami nauandika kwa urefu kwa sababu kila mtaa utakaojaribu jambo hili utakutana nao. Mwaka 2020, wakati wa Korona, serikali ilianzisha mpango wa Kazi Mtaani uliowalipa vijana ujira wa siku kwa kuzibua mitaro na kufagia. Mpango huo ulipokwisha, vijana wengi waliuliza, kwa haki, kwa nini leo wafanye bure kazi ambayo jana ililipwa. Zaidi ya hayo, Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaiweka mifumo ya maji ya mvua katika maeneo ya makazi, pamoja na uzoaji wa taka, miongoni mwa majukumu ya serikali za kaunti. Sikubaliani na wanaosema kwamba mkazi ajitolee kufanya kila kitu ili kaunti ipumzike. Wala sikubaliani na wanaosema kwamba, kwa kuwa jukumu ni la kaunti, tukae tukitazama maji yakiingia vyumbani.

Tulichokubaliana ni mpaka. Mtaro mdogo unaopita mbele ya ploti ni wa wakaaji wa ploti hiyo, nao husafishwa kwa jembe na sepeto kwa muda usiozidi saa moja, jioni, mara moja kwa wiki hadi mvua ziishe. Kalavati zilizo chini ya barabara, mitaro mikubwa iliyojengwa kwa mawe na mahali popote penye majitaka ni kazi ya kaunti. Sisi hatuingii humo kwa sababu ya hatari ya magonjwa na vioo, na watoto hawaruhusiwi kamwe. Kazi ya kujitolea katika sehemu hizo ni ya kalamu: mkazi mmoja huzunguka, huandika kila kalavati iliyoziba, hupiga picha, na barua hupelekwa kwenye ofisi ya wadi na nakala yake kupigwa muhuri wa kupokelewa. Sehemu ya Katiba niliyoitaja huipa kaunti pia wajibu wa kuratibu ushiriki wa jamii katika uongozi wa mashinani, na barua yenye muhuri ni ushiriki unaoweza kuulizwa majibu.

Mzee mmoja aliyekuwa kimya kikao kizima alinishika mkono tulipokuwa tukitoka akaniambia, "Mwanangu, ukiniita kwa siku nzima sitakuja, miguu hainipi ruhusa. Lakini nipe kipande changu cha mtaro, hicho nitakitunza." Kipande chake ni kile kinachopita mbele ya kibanda chake cha kushona viatu, na hadi leo ni safi.

Jambo moja la kiufundi lilituchukua muda kulielewa. Tope linalotolewa halipaswi kuachwa ukingoni, kwa kuwa mvua ya kwanza hulirudisha lilikotoka. Huachwa likauke siku mbili tatu, huchambuliwa plastiki, kisha mchanga huchukuliwa kwa wilbaro na kujazwa katika mashimo ya njia za ndani. Plastiki hupewa vijana wa mikokoteni. Tulitumia fursa hiyo kueleza kwamba Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inamtaka anayezalisha taka atenganishe zinazooza na zisizooza, na makeyateka wachache walikubali kuweka mapipa mawili uani badala ya moja.

Tuliwapanga wakazi wawiliwawili, na kwa makusudi tukawaunganisha watu wa jamii tofauti na ploti tofauti. Nakuru iliumizwa vibaya na ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007, na wanaozikumbuka bado wanaishi katika mitaa hii. Watu ambao wamekopeshana sepeto kwa miezi miwili hujuana kwa majina, na nikiulizwa faida kubwa ya mitaro ni ipi, nitataja hiyo kabla ya kutaja maji.

Aprili

Ukurasa wa afya ulihitaji uangalifu, kwa sababu si kila msaada ni salama. Wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao laki moja walizinduliwa rasmi nchini Septemba 2023 wakapewa mikoba yenye vifaa kama vile kipimo cha shinikizo la damu na cha sukari, na kila mmoja hukusudiwa kuhudumia takriban nyumba mia moja. Kupima na kushauri ni kazi yao, si yetu. Kazi za mkazi wa kawaida ni nyingine: kumjulisha mhamasishaji kwamba kuna mama mjamzito aliyehamia karibu, mwenyewe akiridhia, kumsindikiza mgonjwa mzee hadi zahanati, na kuwa mkalimani pale ambapo mzee aliyetoka kijijini hazungumzi ila lugha yake ya mama. Hiyo ya ukalimani haikuwa imefikiriwa na yeyote hadi mhamasishaji wetu alipoitaja, na sasa ndiyo yenye watu wengi zaidi katika daftari.

Utoaji damu nao una ukurasa wake. Mtoaji anapaswa kuwa na umri wa miaka 16 hadi 65 na uzito usiopungua kilo 50, na baada ya kutoa, mwanamume husubiri miezi mitatu na mwanamke miezi minne. Daftari huandika jina na mwezi ambao mtu anaweza kutoa tena, basi. Hakuna habari nyingine ya afya ya mtu inayoandikwa humo, na sharti hili halina mjadala.

Kisha kuna maji. Visima virefu vya Nakuru vingi hutoa maji yenye floridi, madini ya asili, nyingi kupita miligramu 1.5 kwa lita, ambacho ni kiwango cha juu kilichopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na meno ya hudhurungi ya watu waliokulia hapa yanatokana na hilo. Nilishangazwa na idadi ya wazazi wanaoamini kwamba kuchemsha kunatosha. Kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi floridi. Maji yanapopungua sufuriani, floridi inayobaki huzidi kukolea. Klorini pia haiiondoi. Kuchuja kwa mkaa wa mifupa huipunguza, na ujuzi huo umefanyiwa kazi hapahapa Nakuru kwa miaka mingi, ukiwemo mradi wa maji wa Jimbo Katoliki la Nakuru. Kwa ploti isiyo na chujio, njia ya karibu ni maji ya mvua, ambayo yana floridi kidogo mno, nayo yawekwe kwa ajili ya kunywa, hasa na watoto wadogo ambao meno yao ya kudumu yangali yakijijenga chini ya ufizi. Mafundi wawili wa mabati walijitolea kusafisha na kufunga mifereji ya paa katika ploti ambazo wenyewe walikubali kununua vifaa. Maji ya dakika za kwanza za mvua humwagwa kwa sababu huosha vumbi na kinyesi cha ndege, na yanayofuata ndiyo huingia tangini, ambayo bado yatahitaji kutiwa dawa au kuchemshwa kabla ya kunywewa.

Mei na Juni

Mwalimu mstaafu alipata chumba katika ukumbi wa kanisa kwa ajili ya watoto kufanyia kazi za shule jioni, kwa kuwa nyumbani meza ndiyo jikoni na ndiyo kitanda. Masharti aliyaandika mwenyewe: watu wazima wawili wakati wote, mlango wazi, mzazi awe ametia sahihi, na nambari 116 ya simu ya msaada kwa watoto ibandikwe ukutani. Vijana wa kidato cha nne husaidia hesabu.

Miche ya miparachichi na mipera ilipandwa kandokando ya njia ya shule, na mbuzi wakala sehemu yake. Iliyosalia imezungushiwa miiba na kila mche una ploti inayoumwagilia. Kupanda huchukua asubuhi moja, ilhali kumwagilia kutaendelea hadi mvua nyingine, na daftari limeandika hivyo waziwazi.

Julai

Kuna wanaotaka tujisajili. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022 inahitaji wanachama wasiopungua kumi, katiba ya kikundi na viongozi, na sisi watu tunao wa kutosha. Msimamo wangu ni kwamba tusajili pale tutakapoanza kushika pesa, si kabla, kwa sababu vikundi vingi nilivyoviona vilitumia nguvu zao za mwanzo kugombania vyeo. Wenzangu kadhaa wanaona kwamba bila cheti ofisi hazitatusikiliza, na hoja yao ina uzito. Kikao cha Agosti kitaamua kwa kura.

Barua ya kalavati ilijibiwa kwa sehemu: mbili zimezibuliwa, nyingine zimeandikiwa barua ya pili. Ukumbi wa masomo unaendelea. Vipande vya mitaro vilivyopoteza watunzaji kwa sababu ya kuhama vimerudishwa kwenye ukurasa wa kazi zilizo wazi, na makeyateka wamekubali kumwonyesha kila mpangaji mpya ukurasa huo siku anapochukua ufunguo. Kwa sasa, kabla ya mvua za Oktoba, kazi tatu hazina mtu: kumsindikiza kliniki mama mmoja asiyeona, Jumanne ya kwanza ya mwezi, saa mbili asubuhi hadi saa sita; kusoma na kuandika barua za ofisini kwa wanaohitaji, nusu saa kila Jumapili baada ya ibada; na kuzunguka na daftari la kalavati, jioni mbili mwezi Septemba, ambayo inahitaji mtu mwenye simu ya kupiga picha.