Maji Yalipoanza Kurudi

Tumerudi jana jioni kutoka kambi ya skauti na tope la Mikindani, Mombasa, bado limo kwenye kucha zangu. Nimeoga mara mbili, usingizi hauji. Namfikiria yule binti.

Ana miaka 16. Alipokuja kambi ya Agosti mara ya kwanza alilia usiku kucha akimtaka mamake, na mimi ndiye niliyelala naye hemani huku kusi ikilipiga turubai. Mwaka huu tulimkabidhi patroli, kikundi cha kuongoza: watoto 7, mdogo wao wa miaka 11. Siku tatu za mwanzo aliwafokea kutwa, mpaka sauti ikamkauka, na watoto wakawa wanamkwepa hata kwenye foleni ya chai. Nusura nimpokonye kazi ile. Lakini skauti walianza hivyohivyo: Baden-Powell, mwanzilishi wao, huyu aliyezikwa kwetu Nyeri, alipopiga kambi na wavulana kisiwani Brownsea, Uingereza, mwaka 1907, aliwagawa makundi manne, kila kundi likaongozwa na kijana mwenzao.

Siku ya nne tulikwenda kupanda mikoko. Mwezi ulikuwa mpevu, bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, na saa nne asubuhi maji yalikuwa yamekupwa mbali kabisa. Bamvua ya Mombasa hupanda zaidi ya mita 3, na maji yakirudi hayaji kwa mbele tu. Hupitia vijito vya pembeni, ukigeuka yako nyuma yako. Hayo niliwaeleza viongozi wa patroli usiku uliotangulia. Nikawaambia pia kwamba saa ya kutoka wataamua wao.

Patroli yake ilikuwa imebakiza miche kama 30. Watoto wamenogewa, wanashindana na patroli jirani, kila mmoja anachomeka wake topeni na kukimbilia mwingine. Nikaona kijito cha kulia kimeanza kung'aa. Filimbi ilikuwa mdomoni tayari. Nikaishusha, nikaanza kuhesabu moyoni. Nikifika 60, napuliza.

Nilifika 40. Alikuwa amechomeka kijiti ukingoni mwa kijito, amechutama anakitazama. Akainuka, hakupiga kelele. Akamwendea yule mdogo, akamshika bega: "Wewe utatangulia. Sisi sote tutafuata mwendo wako." Akawahesabu, akawapigia mluzi na wale jirani. Wakubwa walinung'unika kuhusu miche iliyobaki. Akaibeba yeye mwenyewe, fungu zima begani, akatembea wa mwisho.

Tulipofika nchi kavu, kile kijiti hakikuonekana tena.

Usiku alikuja pale nilipokuwa nasugua sufuria.

"Dada, uliyaona maji kabla yangu?"

"Niliyaona."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nakungoja wewe."

Akanyamaza kitambo. Nilidhani amekasirika, na angekuwa na haki. Kisha akachukua sufuria moja, akaisugua mpaka ikatakata, akaniaga na kwenda kuangalia kama yule mdogo amejifunika.