Visigino vya baba

Leo siku ya nne mwanangu anahifadhi Suratul Mulk chooni. Anajifungia humo kabisa, anasema sauti inarudi vizuri, na mimi jikoni nasikia aya ileile inakwenda, inakatika, inaanzwa upya, inakatika palepale. Jana nikaenda nimgongee nimwambie atoke akasome sebuleni kama watu, nikainua mkono na mkono ukabaki hivyohivyo hewani. Nikarudi jikoni. Nilikuwa nimekumbuka choo cha nyumba yetu ya El Paso, Texas.

Mwaka 2018 huo. Mnaonijua toka enzi zile mnakumbuka nilivyolia siku ile imeili ilipoingia. Mimi sikuomba. Jeshini huku Marekani kuna wanaojitolea wenyewe kwenda kuwa drili sajenti na kuna wanaochaguliwa, mimi nikachaguliwa, jina limetoka, tarehe ya kuripoti ipo, Fort Jackson, South Carolina, kozi wiki tisa halafu miaka miwili ya kufundisha makuruta. Mtoto ana mwaka na nusu, hajaacha hata kulala na mkono wake kwenye shingo yangu.

Maandalizi mengine nayapita haraka maana yalikuwa ya kawaida. Vipimo vya hospitali, mahojiano na mtaalamu wa akili kuangalia kama uko sawa kukabidhiwa watoto wa watu, uzito, kukimbia maili mbili kila jioni kwenye lile vumbi la Texas. Hayo yote nilikuwa nayaweza. Kilichoninyima usingizi ni moduli.

Moduli ni maneno ya kufundishia kwata. Kila mkao na kila geuka ina maneno yake, na wewe unatakiwa uyatoe kichwani neno kwa neno kama yalivyoandikwa, hamna cha kusema kwa maneno yako, ukibadilisha neno umekosa. Ya kwanza ambayo kila mtu anaanza nayo ni mguu sawa. Unatangaza kwamba mkao huu utautaja, utauelezea, utaonyeshwa, kisha watu wataufanyia mazoezi, halafu unamwita mtu wa mfano mbele na unashuka naye mwili mzima: visigino vikutane mstari mmoja, ncha za miguu zitoke nje sawasawa kwa nyuzi 45, magoti yanyooke bila kukazwa, kifua juu, mabega sawa, kidevu ndani, vidole vya mikono vikunjwe, gumba liguse kiungo cha kwanza cha kidole cha shahada na lilale kwenye mshono wa suruali. Kwa Kiswahili hivi unaona kama kitu cha dakika mbili. Kwa Kiingereza ilikuwa inaniua. Mimi ni katika wale tulioingia kwa MAVNI, ile njia ya zamani ya kuandikisha jeshini wageni wenye lugha walizozihitaji, Kiswahili kikiwemo, yani Kiswahili ndicho kilichonifungulia mlango wa jeshi na sasa Kiingereza kinataka kunizuia mlango wa ndani. Visigino na vilima kwa Kiingereza, heels na hills, kwangu vilikuwa vinatoka sauti moja. Nilikuwa nalala nawaza nimesimama mbele ya watu sitini nawaambia waviweke vilima vyao pamoja.

Basi nikabandika makaratasi kwenye kioo cha choo. Nikabandika jikoni juu ya sinki. Gereji nikaigeuza uwanja, nikachukua tepu nyeupe nikabandika vipande sakafuni kila inchi 30, maana hiyo ndiyo hatua yao, inchi 30, hatua 120 kwa dakika, na simu inagonga tik tik tik mimi napita juu ya tepu huku mdomo unaenda.

Baba akatukuta katika hali hiyo. Alikuja kumuona mjukuu, miezi mitatu, na mama alikuwa ameshakuja mwaka wa nyuma yake kwenye uzazi. Siku mbili za mwanzo hakuuliza kitu. Ya tatu akasimama mlango wa gereji anaangalia zile tepu, akauliza, "Mama, hii ndiyo kwata?" Baba ananiita mama kwa sababu ya jina la bibi, mzaa baba. Nikamwambia ndiyo baba, naenda kusomea kufundisha makuruta. Akakaa kimya, halafu akasema, "Mimi nilipigishwa kwata Mafinga." Nilikuwa najua alikwenda JKT kwa mujibu wa sheria miaka ya themanini mwanzoni, ila kwa baba Mafinga ilikuwa ni habari ya baridi tu, mtoto wa Tanga kapelekwa Iringa alfajiri maji yanauma kama moto. Kwata hajawahi kuigusia.

Ilibaki wiki moja niondoke. Jioni, upepo unapuliza mchanga kwenye mlango wa gereji unasikia chwaaa, mume wangu yuko zamu ya usiku, mtoto kalala. Baba akaingia na msuli wake na koti langu la jeshi la baridi juu, miguuni makubazi, akasema nisimamishe mimi. Nikasema baba utachoka. Akasema nisimamishe.

Nikashika nafasi yangu. Nikatoa sauti ile kubwa ya tumboni, nikamwita mbele. Akatembea mpaka katikati ya tepu mbili akasimama mguu pande. Nikatoa amri ya mguu sawa na baba yangu, mzee wa miaka sitini na kitu, akanyanyua goti akaupiga mguu chini, PAA, kubazi lile kwenye saruji, nikaogopa mtoto ataamka. Akanitazama kwa sababu mimi nilishtuka. "Kwani nyie mguu haupigwi?" Nikamwambia hapana baba, huku visigino vinaletwa pamoja tu kimyakimya. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa pilau lisilo na bizari. Ila akakubali, tukaanza upya.

Nikaanza. Na nilianza vizuri jamani, ilikuwa mara ya kwanza maneno yanakuja bila kutafutwa, yanakuja yamefuatana kama shanga, visigino vimetoka visigino na sio vilima, nikapita magoti, nikapita mabega, kidevu, nikafika kwenye mshono wa suruali na baba hana suruali ana msuli, nikaona kwa pembeni ya jicho mkono wake umejipanga pale ambapo mshono ungekuwepo. Nikamaliza. Sikukosa neno. Mwili mzima unatetemeka kwa furaha, nikamwambia baba umesikia, sikukosa hata neno moja!

Hajajibu, hajasogea pia. Kaganda palepale macho mbele.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza baba."

"Niangalie miguu."

Nikaangalia. Kisigino cha kushoto kiko mbali na cha kulia, upana wa ngumi unapita pale katikati, na mguu wenyewe umetoka nje peke yake kama mlango ulioachwa wazi. Na gumba la mkono wa kulia limesimama juu. Muda wote ule. Mimi nimesimama hatua mbili kutoka kwake nasema kwa sauti visigino vikutane, visigino vikutane, na mbele yangu havijakutana.

"Ulikuwa unaangalia wapi?" Sikuwa na jibu. Akanijibia mwenyewe, taratibu, hakuna ukali hata kidogo, "Ulikuwa unaangalia taa. Chuoni ulikuwa hivyohivyo, unasoma unaangalia dari, mwalimu akikufunika msahafu hujui uko wapi."

Halafu ndipo akanihadithia kuhusu afande mmoja wa Mafinga, ambaye hakumtaja jina na mimi sikumuuliza. Wengine wote walikuwa wanapiga kelele, huyu alikuwa anapita mstari mzima kimya, akifika kwa mtu ambaye miguu haijakaa anachuchumaa, afande mzima anachuchumaa kwenye tope mbele ya kuruta, anashika kisigino kwa mkono wake anakiweka, anainuka anaenda kwa mwingine. "Miaka yote hiyo," baba akasema, "nikisimama popote, msikitini, msibani, kwenye foleni ya benki, nasikia mkono wa yule mtu kwenye kisigino." Nikamwambia baba huku humgusi kuruta ovyo, ukitaka kumrekebisha unamwambia kwanza. Akasema, "Basi mwambie. Ila si mpaka uwe umemwona?"

Nikachuchumaa. Sijui kwa nini, haikuwa sehemu ya moduli, nilichuchumaa tu kwenye sakafu ya gereji nikamwambia baba nakushika mguu, nikakishika kisigino chake cha kushoto, kigumu kina nyufa, nikakisogeza. Kilikuwa kizito kuja. Nikakivuta kidogo, kikaja mpaka karibu, nikaona inatosha. Kwa juu nikasikia anavuta pumzi. Akasema, "Haya, sema tena."

Nikasema tena. Safari hii nilikosa maneno manne.

Kozi nilimaliza, mnajua, na yale ya wiki tisa nitayaandika siku nyingine. Kofia ipo kabatini, ile ya wanawake yenye ukingo uliokunjwa, wanawake sita wa kwanza waliingia kozi ya udrili sajenti mwaka 1972 pale pale Fort Jackson, na kila nilipoivaa nilikuwa naanza na miguu ya watu kabla sijafungua mdomo. Makuruta walikuwa wananiogopa kwa hilo, wanadhani natafuta kosa.

Sasa kuna kitu. Mwaka jana mdogo wangu alinitumia video, baba anatoka msikitini Tanga, anatembea na bakora, na mguu wa kushoto unatoka nje. Uleule mlango ulioachwa wazi. Nikampigia mdogo wangu nikamuuliza baba kafanya nini mguu, akaniambia dada hilo goti la zamani, hata alivyokuja kwako Marekani alikuwa nalo, alikuwa hataki mjue asije akazuiwa safari.

Nimekaa na hiyo habari karibu mwaka. Usiku ule wa gereji nilimuuliza kama alisimama vibaya makusudi, akasema ndiyo, nilitaka kukuona. Na gumba lilikuwa makusudi hakika, gumba halina goti. Lakini kisigino? Mimi nilikivuta. Nilikivuta nikasikia kizito nikadhani ni ukaidi wa kizee, na yeye akavuta pumzi akaniambia sema tena, akasimama moduli nzima mara ya pili na visigino vyake vimekutana, kwa sababu mimi ndiye niliyevikutanisha.

Tukiongea kwenye simu namwambia shikamoo baba, ananiuliza mjukuu amefika aya ya ngapi. Namwambia ya kumi na tano, inamkatikia hapo. Anasema mwambie akija nitamsikiliza mimi. Mara mbili swali limefika mdomoni, na mara zote mbili nimemuuliza habari ya mvua.