Upendo hauhesabu mabaya

Leo asubuhi jumuiya yetu ndogo ndogo imesali kwa bibi mmoja aliyepooza upande mmoja. Somo: 1 Wakorintho 13.

Sura hii tumezoea kuisikia kwenye harusi. Lakini Paulo hakuwa anawaandikia maharusi! Aliwaandikia waumini waliogawanyika makundi makundi, na ukisoma sura ya 6 utaona walifikia hadi kushtakiana mahakamani, ndugu kwa ndugu.

Sasa, huyu bibi na jirani yake waligombania mpaka wa kiwanja hadi baraza la kata. Mtaa mzima tunajua.

Baada ya sala, yule jirani akaomba beseni la maji ya uvuguvugu. Akakaa chini kwenye mkeka, akauloweka ule mguu uliopooza, akaanza kukata kucha kwa wembe, taratibu. Zilikuwa ngumu, zimejikunja.

Kila akimaliza kidole anauliza, "Nimekuumiza, mama?"

Bibi hakujibu. Machozi tu.

Jamani, mpaka sasa moyo wangu umejaa. Mstari wa 5, "hauhesabu mabaya", nimeuona kwa macho.

Wapendwa, nani aliwahi kukutendea wema baada ya ugomvi? Niandikieni hapa, nitasoma zote.