Watoto wa sande skuli ndo walionifundisha kusali

Mimi ni mzee wa kanisa hapa Moshi, naishi Pasua, na kwa miaka mingi watu wananijua kwa maombi. Kwenye jumuiya nikiambiwa "mzee tufungie kwa sala" basi naanza na Mungu wa Ibrahimu na Isaka na Yakobo, naombea taifa, viongozi, wagonjwa, wasafiri, wajane na yatima, namalizia na walioko magerezani. Sikuwa naigiza, niliamini kila neno. Ila kuna jambo moja halikuwahi kuingia kwenye sala zangu hata siku moja, na ndilo hilo nililokuwa nalala nalo na kuamka nalo.

Kwetu ni Marangu. Wenye asili ya Uchagani mnajua mambo ya kihamba, lile shamba la urithi la ukoo, mtoto wa kwanza ana sehemu yake na wa mwisho ndo anabaki na mji wa wazazi, sasa sisi wa katikati tunategemea neno la mzee. Baba alinionyesha kipande changu kwa mdomo tu, tumesimama wawili, kuanzia kwenye mringaringa mpaka kwenye mfereji. Alipofariki haikupita miezi sita nikaambiwa kaka mkubwa kang'oa masale ya mpakani kayapanda upya ndani ya kwangu, kama hatua nane hivi, na migomba yake yote. Na sale ndo jani ambalo Mchagga akikuletea mkononi anaomba msamaha inabidi umsikilize, hilohilo ndo kalitumia kuninyang'anya. Miaka mitatu tukawa tunasalimiana misibani tu.

Sasa mwaka jana mwalimu wetu wa sande skuli alienda kujifungua, mchungaji akaniomba nishike watoto kwa muda. Nikaanza kwa njia niliyolelewa nayo, fumbeni macho, kunjeni mikono, semeni baada yangu. Walisema vizuri sana, sauti moja, ila nikifumbua macho namwona huyu anachezea kifungo, yule anawatazama sisimizi ukutani. Maneno yalikuwa yangu, wao walikuwa wanayapitisha tu.

Jumapili moja mwezi wa nne, masika imekolea, mvua ikapiga bati la kile chumba mpaka nikipiga kelele mtoto wa benchi la mbele hanisikii. Nikaona niwaite mmojammoja, kila mtu aninong'oneze sikioni anachotaka kumwambia Mungu halafu mimi niitikie Amina. Sikuwa na mpango wowote, nilitaka tu muda upite mvua ikate.

Wa kwanza alikuja ananukia maandazi, akasema, "Mungu asante bibi amekuja." Amina. Wa pili akasema, "Leo sina kitu," akarudi kukaa. Halafu akaja kabinti ka miaka sita hivi, akasema, "Mungu viatu vinanibana hapa," na aliposema hapa akanyanyua mguu akakishika kidole gumba kwa juu ya kiatu, akabaki amekishika vile, macho juu kwenye dari, anasubiri. Hakuwa ananionyesha mimi. Jamani sijawahi kumwona mtu mzima anasali hivyo, na mimi nimesali na maaskofu.

Halafu akaja kijana mmoja wa darasa la tatu, mtoto mpole kabisa. "Mungu, mwenzangu kachukua rula yangu kaivunja. Sitaki kumsamehe. Amina." Hapo sikuitikia, nikamwambia mwanangu hatumwambii Mungu hivyo. Akaniangalia, hana jeuri hata kidogo, anauliza kweli: "Shikamoo mwalimu, sasa nimwambie nimemsamehe?"

Sikuwa na jibu. Nikaitikia Amina.

Usiku ule mke wangu kalala, nikapiga magoti sebuleni gizani, nikaanza Mungu wa Ibrahimu, nikakwama. Mistari niliyoihubiri mwenyewe ikawa inanirudia, ile Mathayo 6 Yesu anasema msipayuke-payuke kama watu wa mataifa, na yule mtoza ushuru wa Luka 18 aliyesimama mbali hataki hata kuinua macho, sala yake ni sentensi moja tu, uniwie radhi mimi mwenye dhambi, na ndiye aliyeshuka nyumbani amehesabiwa haki. Nikakaa kimya muda mrefu. Halafu nikasema kwa sauti ndogo kama naye yuko pale kwenye kochi, Mungu namchukia kaka yangu. Mwili ulitetemeka. Kilichofuata sikukitegemea maana baada ya hilo likaja lingine lililokuwa chini yake, kwamba hata kabla ya masale nilikuwa namwonea wivu, baba alikuwa anamwita yeye kwanza kwa kila kitu. Hilo sikuwahi kulijua. Nikajikuta nimehama Kiswahili cha madhabahuni naongea Kichagga cha nyumbani, namwita Mungu Ruwa kama mama alivyokuwa anamwita akikata majani ya ng'ombe.

Tangu hapo kila usiku nasema neno moja la kweli kabla ya mengine yote, na kama ni "leo sina kitu" nasema hivyohivyo nakwenda kulala. Kuna wiki nzima nilisema bado sitaki kumsamehe. Sikulazimisha. Kwa wanaotaka kujaribu, sehemu ngumu ni hiyo ya kunyamaza baada ya kusema, unatamani kuongeza maneno ili isisikike vibaya. Usiongeze.

Viatu vya yule kabinti nilivitafuta soko la Memorial kwenye mitumba baada ya kuongea na mama yake, nimepima mguu kwa kamba ya mgomba mkavu. Nilijiambia siwezi kuitikia Amina kwenye jambo ambalo liko kwenye uwezo wangu halafu nikae.

Kaka nilimpigia simu mwezi wa saba. Nilikuwa nimepanga maneno, alipopokea yakapotea yote, nikamwambia kaka shikamoo, nimekuwa na hasira na wewe miaka mitatu na nimechoka nayo. Akanyamaza mpaka nikaangalia simu nikidhani imekata. Kwa nyuma nasikia ng'ombe analia, zizi lilelile la baba. Halafu akasema, "Marahaba. Hata mimi silali vizuri. Njoo Jumamosi."

Nilienda. Ya mpaka hatujayamaliza, tumeita wazee wa ukoo na bado wanasikiliza. Ila siku hiyo alipika mwenyewe mtori, tukala kwenye benchi la baba bila kusema mengi, na kabla ya kula aliniambia nisali. Nilisema, Mungu tumekaa hapa, bado tunaumia. Akaitikia Amina kabla yangu.