Nilivyoifanya fonti ya mwandiko isomeke kwenye kadi ya harusi

Nina steshenari. Msimu wa harusi ukifika, kazi kubwa huwa kadi, na karibu kila mteja anataka fonti ya mwandiko, yale maandishi ya mapozi: herufi zilizolala, zilizoshikana, zenye mikia mirefu. Nayapenda mno, na kwa sababu hiyo huniuma nikiyaona yametumiwa vibaya.

Mwaka huu kijana mmoja alikuja na mama yake, akanionyesha sampuli kwenye simu. Kadi yote, tangu jina la familia hadi namba za simu za kamati, ilikuwa ya fonti hiyo, na majina ya maharusi yameandikwa kwa herufi kubwa tupu. Nikamwamkia mama, nikamwomba anisomee.

"Marahaba, mwanangu. Sasa hapa pameandikwa nini?" Kidole chake kilikuwa juu ya jina la mwanawe.

Macho ya mama hayakuwa na tatizo. Fonti za aina hii zinafuata mwandiko wa walimu wa uandishi wa mkono wa Uingereza wa karne ya 17 na ya 18. Kalamu yao ilikuwa na ncha inayopanuka: mkono ukishuka kwa kukandamiza, mstari unanenepa, ukipanda kwa kulegeza, unabaki kama uzi. Mmoja wa walimu hao, Charles Snell, ndiye ambaye mwandiko wake Matthew Carter aliutumia miaka ya 1960 kubuni fonti ya Snell Roundhand. Katika mwandiko huo herufi kubwa kazi yake ni kufungua neno, kisha herufi ndogo zinaendelea kwa kushikana. Ukipanga herufi kubwa tano mfululizo, kila moja inatanua mikono yake na hakuna inayomshika mwenzake.

Nikawaambia mwandiko utabaki kwenye majina mawili tu. Kijana alisita, mama akasema, "Mwache afanye." Majina nikayaweka kwa Great Vibes, fonti ya Mmarekani Robert Leuschke. Inapatikana bure na leseni yake inaruhusu kazi ya kulipwa, jambo ambalo nalikagua kila mara kwa sababu fonti nyingi za bure ni za matumizi binafsi tu. Maneno mengine yote, yaani ukumbi, saa na michango, yakawa kwa fonti ya kawaida, Garamond ya kusimama wima, pointi 12. Majina yalifika pointi 40. Hiyo si kubwa kama inavyosikika: herufi ndogo za Great Vibes ni fupi sana, kwa hiyo ukiiweka pointi 14 kama fonti ya kawaida, *a* na *e* zinageuka vidoti.

Kabla ya kuchagua fonti huwa naandika majina yetu, siangalii sampuli ya muuzaji. Naandika Mwajuma, Neema, Juma, Issa, Kulwa. Kwanza natazama kama J inatofautiana na I. Halafu natazama mwisho wa neno. Maneno yetu karibu yote yanaishia kwa irabu, ilhali kwenye fonti nyingi mikia ya kupendeza imewekwa kwenye *d*, *h* au *y*. Ikiwa *a* ya mwisho inakatika ghafla, jina zima linaonekana kama halijamalizika. Baadhi ya fonti zina herufi mbadala zenye mkia. Kwenye Word zimo katika dirisha la fonti, upande wa mipangilio ya juu zaidi.

Jina la ukoo la bibi harusi lilikuwa na *ng'*, na hapo nilikaa muda mrefu kuliko sehemu nyingine yoyote. Ile alama ya juu inaachanisha herufi zilizopaswa kushikana. Nilipunguza nafasi pande zake zote mbili hadi mkia wa *g* ukaifikia herufi inayofuata kwa chini, alama ikabaki imeelea juu. Kwingine kote nafasi kati ya herufi sikuigusa. Ukiitanua hata kidogo, viungo vyote vinaachana.

Zikabaki zile nyuzi nyembamba. Mteja alitaka majina ya dhahabu, na dhahabu ya kubandika kwa joto huruka mistari iliyo chini ya robo pointi. Niliongezea herufi ukingo mwembamba wa rangi ileile, nikazigeuza kuwa michoro ili zisitegemee fonti tena, ndipo nikapeleka PDF kiwandani. Nakala ya WhatsApp niliitengeneza peke yake: majina makubwa zaidi, usuli mweupe bila maua nyuma, na nikawashauri waitume kama dokumenti ili isipunguzwe ubora.

Waliomba pia jina kwenye kanga za kina mama. Hapo nilikataa mwandiko kabisa. Maneno ya kanga yanasomwa kwa mbali, mvaaji akiwa anatembea, na zile herufi kubwa nene tulizozizoea zina sababu yake.

Kazi ya mwisho ilikuwa stika ya kioo cha gari. Mashine ya kukata inafuata kila mstari inaouona, pamoja na pale herufi mbili zinapopandiana, na jina linatoka vipandevipande. Niliziunganisha herufi zote kuwa umbo moja kwenye programu ya usanifu ya CorelDRAW kabla ya kukata, stika ikabanduka nzima kwa mkono mmoja.