Tutaitafuta

"Kompyuta haikosei, Mama."

Maneno hayo ni yangu. Niliyasema Ijumaa ya wiki iliyopita, baada ya alasiri, chini ya mwembe wa Mama Swabra hapa Oli, mjini Arua, Uganda, mbele ya wanawake 21 na kisanduku chao cha kufuli tatu. Leo ni Jumamosi usiku, siku nane zimepita, na sauti yangu bado naisikia ilivyotoka: nyepesi, ya haraka, kama ya mtu anayemsahihisha mtoto wa darasa la pili.

Mama akajibu, "Haya, mwanangu. Tutaitafuta."

Basi, hakuongeza neno. Alifunga daftari lake, akalizungushia ule mpira uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli, akaliweka mapajani na kulifunika kwa viganja.

Wiki yenyewe imekuwa nzito. Zaituni ameolewa, bosi amenitoa stoo akanipeleka ofisini, umeme umekatika siku mbili mfululizo, na yote hayo yamenipita kama magari ya barabarani. Mimi bado niko chini ya mwembe.

Kikundi cha Mama ni cha kuweka na kukopa, nimekiandika mara nyingi. Hisa moja ni 5,000, kila Ijumaa mtu ananunua moja hadi tano, funguo za kufuli ziko kwa wanawake watatu na kisanduku kinalala kwa wa nne. Mtindo huu ulianzia Niger mwaka 1991 ukasambaa nchi nyingi za Afrika, na nadhani umesambaa kwa sababu haumlazimishi mtu kuamini asichokiona. Pesa zinahesabiwa hadharani, kiasi kinatamkwa kwa sauti, Mama anaandika. Ndiye mwandishi wao tangu siku ya kwanza. Mwandiko wake umelala kidogo kulia, na kila kiasi anakifunga kwa ile alama tuliyoizoea kwenye risiti: 15,000/=. Hajawahi kuiacha. Kwake kiasi kisicho na alama hiyo ni mlango usiofungwa, mtu anaweza kupita usiku akaongeza sifuri.

Sasa mimi, baada ya wiki tisa za kozi ya utangulizi wa kompyuta (Jumatatu na Jumatano jioni, ile niliyoilipia kwa pesa za mbuzi), nikaona nimhamishie daftari lote kwenye Excel, programu ya majedwali ya hesabu. Nilitaka kumpumzisha. Hilo ni kweli na naliandika hapa ili nisilisahau, kwa kuwa siku hizi nane nimekuwa nikijiona mbaya tupu.

Na nilikuwa na sababu ya kujiamini. Wiki ya sita mwalimu alitufundisha alama ya dola ndani ya fomula, na usiku huohuo nikaitumia kwenye biashara ya Mama. Vitenge vyake vinatoka Ariwara, ng'ambo ya mpaka huko Kongo, vinanunuliwa kwa dola na kuuzwa kwa shilingi, kwa hiyo bei zote zinategemea dola imeamkaje. Niliandika kiwango cha dola kwenye seli F1, yaani kijumba cha safu F mstari wa 1, nikazidisha. Mstari wa kwanza ukatoka sawasawa. Nilipoivuta fomula kwenda chini, bei zote zikawa sifuri, maana kila mstari ulishuka na F yake, F2, F3, F4, ambako hakuna kitu. Nikaandika $F$1, nikavuta tena, na zote 38 zikakaa. Ile dola inaifunga seli isihame. Asubuhi nikabadilisha kiwango, namba moja tu, na bei 38 zikageuka mbele ya Mama. Akaweka mkono mdomoni. Sijawahi kumshangaza mama yangu namna ile tangu nizaliwe, na nadhani ndipo nilipoanza kuiamini mashine kuliko inavyostahili.

Basi daftari. Ijumaa 20, wanawake 22. Majina yakaenda chini, Ijumaa zikaenda upande, kuanzia safu B hadi U. Aliyekosa siku tulimwandikia sifuri. Kisha nikapamba: vichwa nikavitia rangi, namba zote nikaziweka katikati ya seli zipendeze. Chini nikaandika =SUM(B2:U23), yaani jumlisha zote, ikatoka 6,325,000. Daftari la Mama linasema 6,415,000.

Niliiona tofauti hiyo Alhamisi usiku. Mama alikuwa chumba cha pili anakunja vitambaa, hatua sita kutoka nilipokaa. Ningeita tu. Sikuita, nilitaka wanawake waione kazi yangu ikiwa mbichi.

Kwa hiyo kesho yake nikasimama na laptopu mkononi, nikatangaza kwamba tisini elfu za daftarini hazionekani. Pesa nyingi za kikundi ziko kwa watu, zimekopwa, huwezi kumimina kisanduku chini ukahesabu ukamaliza ubishi. Kilichopo ni maandishi ya Mama. Akasema kwa upole, labda nimeruka ukurasa. Ndipo nikasema lile neno. Mama Swabra akashika ufunguo uliofungwa kwenye pindo la leso yake, akauangalia kana kwamba ndio umetuhumiwa.

Nimeligeuza jibu la Mama kila upande. Hakusema nitaitafuta. Angesema hivyo ningejua amejitwika lawama, au amekasirika. Hakusema itafute, ambalo ndilo lingenistahili. Alisema tutaitafuta. Hiyo "tu-" ni nani na nani? Yeye na wenzake, mimi nikiwa nje? Au yeye na mimi? Nikiwa kwenye boda naisikia. Nikipanga ankara za saruji naisikia. Jumapili, Zaituni anatolewa nje, vigelegele vimeshika mtaa mzima, mimi nimeshika sinia la pilau na naisikia. Kuna saa nadhani alikuwa ananikinga, ionekane ni jambo la nyumba moja na si mtoto anayemuumbua mama yake hadharani. Kuna saa nadhani alikuwa ananiita nikae karibu naye kwenye mkeka, nami nikabaki nimesimama.

Jumanne asubuhi nilikuwa natafuta chaji chumbani kwake. Juu ya sanduku la nguo kulikuwa na leso imefungwa fundo kwenye ncha. Nilidhani ni ufunguo. Zilikuwa noti, moja ya 50,000 na mbili za 20,000.

Shamim ndiye aliyenieleza, ana miaka 12 na haoni sababu ya kuficha kitu. "Bibi ameuza vitenge viwili jana, arobaini na tano elfu kila kimoja. Kasema pesa ikipotea mikononi mwako unairudisha kwanza, unatafuta baadaye."

Vile vitenge anaviuza 52,000. Nilikaa kitandani kwake na leso mkononi hadi nikachelewa kazini, siku yangu ya pili ofisini.

Jumatano sikutaka kwenda darasani. Nilikwenda kwa sababu tu karo imelipwa. Mwalimu hakuanza na fomula, alianza na hadithi. Mwaka 2010 wachumi wawili, Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff wa Harvard, walitoa makala kwamba nchi ikiwa na deni linalovuka asilimia 90 ya pato lake la taifa, uchumi wake unadorora. Wastani wa ukuaji wa nchi hizo ukatoka chini ya sifuri, asilimia -0.1. Wanasiasa wa Ulaya na Marekani waliinukuu walipokuwa wanabana matumizi. Mwaka 2013 yakatoka matokeo ya Thomas Herndon, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Massachusetts Amherst. Alikuwa amepewa zoezi la darasani la kurudia hesabu ya wengine. Akachagua hiyo, ikakataa kutoka. Akawaandikia wenyewe kuomba faili, na akapewa. Akakuta fomula ya wastani imeishia mstari wa 44 badala ya 49, nchi tano zimeachwa nje, pamoja na kasoro nyingine katika uchaguzi na upimaji wa takwimu. Yote yaliporekebishwa, ile -0.1 ikawa 2.2.

Wenzangu waliandika namba za mistari. Kwenye daftari langu kuna sentensi moja tu: akawaandikia wenyewe kuomba faili.

Kisha somo lenyewe. COUNT inahesabu seli zenye namba peke yake. COUNTA inahesabu kila seli isiyo tupu. Nikachomeka flashi, nikafungua faili la kikundi, mikono haijatulia. =COUNTA(B2:U23) ikaniambia 440. Sawa, 22 mara 20. =COUNT(B2:U23) ikaniambia 433.

Seli saba hazikuwa namba.

Niliondoa ule mpangilio wa katikati niliojisifia. Namba zote zikahamia upande wa kulia wa seli, ambako namba hukaa zenyewe, na saba zikabaki kushoto, ambako maneno hukaa. Safu N, mstari wa 17 hadi 23. 25,000/=, 15,000/=, 10,000/=. Nikakumbuka. Usiku ule nilimwachia Shamim kibodi nikaenda kusonga enyasa, ugali wetu, naye akaandika saba za mwisho za Ijumaa ile kama zilivyo kwenye daftari la bibi yake, herufi kwa herufi, na alama yake. Mtoto hana kosa hata chembe. Kwa Excel, 25,000/= si pesa, ni neno. Na SUM ikipita juu ya neno haisemi kitu, inaliruka na kuendelea. Ningejumlisha seli kwa seli kwa alama ya kujumlisha, ingenipigia kelele ya #VALUE! hapohapo. Nilichagua njia nadhifu, ikapita kimya.

Kuna njia ya kuzifuta alama zote kwa mara moja. Sikuitumia. Nilizirekebisha moja moja huku nikiitazama jumla kule chini: 6,350,000. 6,365,000. 6,375,000. 6,385,000. 6,390,000. 6,410,000. Ya saba ilikuwa 5,000 ya Mama Swabra, na jumla ikafika 6,415,000. Nililia pale maabara. Jirani yangu akadhani nimefiwa.

Nilifika nyumbani saa tatu usiku. Mama alikuwa kwenye mkeka, taa ya sola pembeni.

"Mama, nimeipata."

"Ilikuwa wapi?"

"Kwangu. Ilikuwa kwangu siku zote."

Nikamwekea laptopu magotini, nikarudisha zile alama kwenye seli saba ili azione, nikazifuta tena, jumla ikapanda tena. Akataka nirudie. Akaniuliza, "Ikikutana na neno inafanya nini?"

"Inaliruka."

"Bila kusema?"

"Bila kusema."

Akanyamaza, akaguna. Nikamwomba radhi, nikashindwa kuimaliza sentensi, akanishika mkono akasema chakula kitapoa. Ile "tu-" sikumwuliza maana yake. Nilikuwa nimejiandaa kumwuliza njia nzima kwenye boda, na nilipofika nikaona nimekwisha kujibiwa kwa namna alivyonisogezea mkeka.

Jana, kabla daftari halijafunguliwa, nilisimama chini ya mwembe nikawaambia pesa ziko sawasawa tangu mwanzo, kosa ni langu, na Mama hakukosea hata shilingi. Nilisema kwa sauti ileile niliyomwumbulia, nilitaka ifike mbali kama ya kwanza. Mama Swabra akaomba aone mstari wake. Kisha mwingine, kisha wote, laptopu ikazunguka mikono 20 na ushee mpaka betri ikalia. Mama akafungua lile fundo, akatoa 25,000, akanunua hisa zake tano, nyingine akazirudisha kwenye mtaji. Zile 14,000 za vitenge viwili hazikurudi. Nitazilipa mwisho wa mwezi, najua atakataa, nitaziweka kwenye sanduku lake la nguo bila kumwambia.

Tumekubaliana pia kwamba daftari halistaafu. Yeye anaandika kwanza, na alama yake, mimi nanakili usiku yeye akiwa ananisomea, na kabla ya kujumlisha naangalia COUNT na COUNTA kama zinalingana.

Lakini kuna jambo nililiona Jumatano usiku na jana nikaliona tena. Alipokuwa anasoma zile seli saba aliziba jicho la kushoto kwa kiganja. Nilidhani ni mwanga wa kioo. Jana, akiandika kwenye daftari lake mwenyewe, mchana kweupe, aliinamisha kichwa upande uleule na kulifumba tena. Nimemwuliza, kasema ni vumbi la soko. Nikarudi kwenye kurasa za zamani nikaangalia mwandiko, na tangu Ijumaa ya 16 mistari yake imeanza kushuka chini kulia, kidogo kidogo, wakati mwanzoni ilikuwa imenyooka kabisa. Jumatatu naomba ruhusa ya nusu siku nimpeleke akapimwe. Bosi mpya wa ofisini simjui bado.