Cambridge, kufuata kitabu kilichopotea

Treni ya haraka kutoka King's Cross hadi Cambridge haimalizi hata lisaa, nikashuka asubuhi na baridi lake, baiskeli kila kona, nikakata mguu mpaka maktaba ya chuo, ile yenye mnara mrefu. Kilichonipeleka ni Mekhilta ya Rabi Shimon bar Yohai (rabi ni mwalimu wa dini ya Kiyahudi), ufafanuzi wa kale wa Kiyahudi wa Kitabu cha Kutoka. Zama za kati watu walikuwa wanakinukuu, rabi Nahmanides wa Hispania mmojawapo, alafu kikapotea, hakuna nakala kamili iliyobaki.

Kilirudi kwa nukuu jamani! Yemeni karne ya 14 David al-Adani, mtu wa Aden kama jina linavosema, alitunga mkusanyo mkubwa wa ufafanuzi wa Biblia unaitwa Midrash ha-Gadol, humo akachota sana kwenye Mekhilta bila kutaja kachota wapi. Mwaka 1905 msomi David Hoffmann akayachambua yale maneno akakitoa kitabu upya. Ila kazi ipo, maana Adani hakunakili tu, alichanganya, alifupisha, aliongeza, sasa utajuaje lipi la marabi na lipi lake?

Hapo ndo vinaingia vipande vya Cairo, yani mabaki ya maandiko ya kale ya Kiyahudi, na vingine ni vya Mekhilta yenyewe. Mwisho wa 1896 Solomon Schechter, msomi wa Cambridge, alienda Misri kuvichukua, kwenye ghala la sinagogi (nyumba ya ibada ya Wayahudi) la Ben Ezra, na leo Cambridge wana vipande zaidi ya 190,000. Nilicholetewa kilikuwa ndani ya plastiki angavu, kingo zimeliwa, wino umegeuka kahawia lakini unasomeka, na mstari wa mwisho umekatika katikati ya sentensi. Pembeni nikafungua toleo la Mekhilta la wasomi Epstein na Melamed la 1955, na hawa walifanya uungwana mkubwa, maneno ya vipande wameyachapa kwa herufi kubwa, yanayotoka kwa Adani kwa herufi ndogo. Kwahiyo kipande kinapokatika herufi zinapungua papo hapo, unajua kuanzia hapa anayeongea ni Adani, Myahudi wa Yemeni aliyeishi miaka kama elfu baada ya marabi wale.

Kuna mahali kipande na Adani wanalingana neno kwa neno, kuna mahali Adani kaongeza yake. Mi naona wanaomlaumu wanamuonea, bila yeye sehemu kubwa ya kitabu tusingekuwa nayo kabisa.

Vipande vingine vya Mekhilta vipo St Petersburg, huko nako nataka nifike.